Bunduki ya Mtutu Mmoja katika Unguja: Majina Yake, Kazi Yake na Adabu Yake

Mwalimu aliyelelewa Mji Mkongwe akapelekwa kufundisha shamba, upande wa Makunduchi au wa Mkokotoni, hakawii kusikia habari za bunduki. Mzee mmoja atamwambia ya kuwa babu yake alikuwa na gumegume. Wa pili atataja gobori. Wa tatu atasema habari za bunduki ya marisau. Naye mwalimu akiyaandika yote kwa neno moja la bunduki, atakuwa ameandika kweli, lakini nusu ya habari ataiacha nje. Tena yawezekana siku moja ajiwe na mkulima amwulize, "Maalim, nina akiba kidogo. Nguruwe wamenimalizia muhogo. Je, ninunue bunduki ya bei ndogo?" Hapo mwalimu hatajibiwa na kamusi yake.

Kwa hiyo tumeona vema kueleza kwa pamoja maneno na mambo yenyewe: majina ya silaha hii, jinsi ilivyofika mikononi mwa mtu maskini, jinsi ifanyavyo kazi, na desturi zinazoifuata. Neno letu kubwa ni hili: bunduki ya mtutu mmoja ni rahisi kununuliwa, walakini kuimiliki ni jambo la gharama, na faida yake katika kisiwa kidogo kama Unguja yatoka katika upungufu wake huo huo, yaani kwamba ina risasi moja tu.

1. Majina

Neno bunduki tumelipokea kwa Waarabu. Kwao bunduq lilikuwa kwanza jina la kokwa ndogo ya mviringo iliwayo, na wataalamu wa lugha wasema ya kuwa Waarabu nao walilitoa katika Kiyunani, ambako iliitwa kokwa ya Ponto, nchi ile iliyo kando ya Bahari Nyeusi. Kisha jina la kokwa likapewa kidonge cha udongo kilichotupwa kwa upinde wa kuwindia ndege. Na zilipokuja silaha za moto, jina la kidonge likahamia kwenye chombo chenyewe. Basi msomaji na aikumbuke safari hii ya neno, kwa maana tutairudia tutakapofika katika habari za nyama.

Maneno mengine yanayolifuata yana asili mbalimbali. Risasi kwa Kiarabu ni madini yenyewe ya risasi, ambayo kwayo vidonge vilisubuliwa. Fataki, kile kifuniko kidogo cha shaba kinachopasuka kinapopigwa, limetoka Bara Hindi, ambako ni jina la baruti za kuchezea zinazolia kwa kishindo. Kasiba, jina la zamani la mtutu, kwa Kiarabu ni unyasi au mwanzi, kwa kuwa u wazi ndani. Walakini mzinga ni neno letu wenyewe: ni gogo lililotobolewa la kuwekea nyuki, na watu wa pwani walipoiona silaha kubwa ya shaba iliyo wazi ndani, waliita kwa jina la kitu walichokijua.

Sasa tutenge aina. Gumegume ni bunduki ya jiwe: jiwe gumu hupiga chuma, cheche huangukia baruti iliyo katika kifa, na moto huingia ndani. Baruti hiyo ikipata unyevu haishiki, wala silaha haialiki. Pengine ndiyo sababu hata leo mtu asiyefaa kitu huitwa gumegume. Gobori nalo hushindiliwa kwa mdomo wa mtutu: hutiwa baruti, hutiwa tambara, hutiwa vipande vya risasi, na vyote husukumwa kwa mdeki. Magobori mengi yaliyotumika baadaye yalikuwa ya fataki. Bunduki ya marisau ni ile itupayo punje nyingi ndogo kwa mara moja. Na siku hizi, kwa kawaida, punje hizo zimo pamoja na baruti na fataki katika ganda moja, ambalo wazee waliliita kiasi, kwa sababu kila kitu kimekwisha kupimwa ndani yake.

Vitendo vyake navyo vina maneno yake. Gobori hushindiliwa, bunduki ya ganda hutiwa. Mpigaji hutwaa shabaha, kisha huialisha. Bunduki ikilia twasema imealika, na isipolia, haikualika. Mwalimu afundishaye insha atafanya vizuri kuwazoeza vijana maneno haya, kabla hayajasahauliwa na wale waliozoea kusema "kufyatua" kwa kila jambo.

2. Jinsi bunduki rahisi ilivyokuwa ya watu

Katika karne ya kumi na tisa bandari ya Unguja ilikuwa mlango mkubwa wa silaha ziendazo bara. Balozi wa Uingereza, Euan-Smith, aliandika mwaka 1888 ya kuwa silaha kati ya 80,000 na 100,000 zilipita hapo kila mwaka. Nyingi zilikuwa za bei ndogo mno, zilizotengenezwa kwa ajili ya biashara ya Afrika katika miji kama Birmingham ya Uingereza na Liège ya Ubelgiji. Nyingine zilikuwa silaha kuukuu za majeshi ya Ulaya, zilizouzwa baada ya askari kupewa mpya.

Mwaka 1890 mataifa yalikutana Brussels kuhusu kukomesha biashara ya watumwa, na Zanzibar ilikuwa miongoni mwa waliotia sahihi Mapatano hayo. Kwa Mapatano hayo kuingiza silaha kulizuiwa katika sehemu kubwa ya Afrika, tangu digrii 20 kaskazini ya ikweta hata digrii 22 kusini. Lakini kulikuwa na ruhusa: bunduki za jiwe zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuuzwa chini ya uangalizi wa serikali. Bunduki zenye mifuo, zinazopeleka risasi mbali na kwa uhakika, zilikatazwa kwa watu wa kawaida.

Hapo ndipo twaona asili ya jambo ambalo wengi hudhani ni umaskini tu. Mtu wa shamba alibaki na bunduki ya mtutu laini na risasi moja kwa sababu mbili: ya kwanza ni mfuko wake, na ya pili ni sheria, ambayo tangu mwanzo ilipambanua silaha ya kulindia shamba na silaha ya vita. Serikali zimebadilika, nazo sheria zimeandikwa upya mara nyingi, walakini upambanuzi huo haujafutika katika nchi nyingi hata leo.

3. Jinsi ifanyavyo kazi

Bunduki ya mtutu mmoja ya siku hizi haina mambo mengi. Ina mtutu, kitako cha mti, mtambo na kifyatulio. Iliyo ya kawaida hukunjwa katikati kama mlango juu ya bawaba: mpigaji husukuma kitasa kidogo, mtutu huinama, ganda hutiwa kwa nyuma, kisha hufungwa. Nyingi zina kinyundo cha nje, ambacho lazima kivutwe nyuma kwa kidole gumba kabla ya kupiga. Iko na aina nyingine, kama ile iliyotengenezwa na W. W. Greener wa Birmingham, ambayo haikunjwi, bali hufunguliwa kwa wenzo ulio chini ya mtambo. Mtambo wake ni wa namna ile ya Martini iliyotumiwa katika bunduki za jeshi la Uingereza tangu mwaka 1871.

Watu huuliza maana ya "namba kumi na mbili." Namba hii ni hesabu ya zamani. Ukisubu vidonge vya mviringo vya risasi vinavyoenea mtutu barabara, na vidonge kumi na viwili vikawa na uzito wa ratili moja ya Kiingereza, basi mtutu huo ni namba 12. Kwa hiyo namba ikizidi, mtutu hupungua: namba 12 ina upana wa milimita 18.5 hivi, namba 16 ina 16.8, na namba 20 ina 15.6. Wachuuzi waliwachanganya wengi hapa, kwa maana mnunuzi alidhani ya kuwa ishirini ni kubwa kuliko kumi na mbili.

Punje nazo zina namba zake, nazo pia hupungua ukubwa kadiri namba inavyozidi. Kwa hesabu ya Kiingereza, wakia moja ya marisau ya namba 6, yafaayo kwa njiwa na kanga, ina punje 270. Bali marisau makubwa yaitwayo SSG, yafaayo kwa nguruwe, yana punje 15 tu katika wakia. Punje za namba 6 hufanya kazi njema hata umbali wa mita 30 au 35. Zaidi ya hapo zimetawanyika mno, hujeruhi pasipo kuua. Lakini mtu asidhani ya kuwa huishia hapo: zaweza kuruka kama mita 200 kabla ya kuanguka, na SSG hufika zaidi ya mita 500. Aliye ndani ya umbali huo aweza kuumia, hata kama mpigaji hamwoni.

4. Kwa nini yafaa katika Unguja

Tuitazame nchi yenyewe. Unguja haifiki kilomita 40 kwa upana. Upande wa magharibi una udongo mzuri, mikarafuu na minazi, na nyumba zimeshikana; upande wa mashariki na kusini ni maweni, vichaka vimesongamana juu ya mawe ya matumbawe, na mtu haoni hatua thelathini mbele yake. Risasi ya bunduki yenye mifuo yaweza kwenda kilomita tatu na kuzidi. Katika nchi kama hii itavuka shamba, njia na pengine kijiji, kabla ya kupumzika. Marisau huishiwa na nguvu mapema. Kwa hiyo silaha dhaifu ndiyo yenye kufaa. Hata hivyo, katika maweni punje zikipiga jiwe hurudi au hukengeuka, basi mpigaji hana budi kujua kilicho nyuma ya shabaha yake na kilicho kando yake pia.

Kazi zake mashambani zilikuwa mbili, ulinzi na kitoweo. Adui wa muhogo na viazi ni nguruwe wa porini, na adui wa ndizi na mahindi ni kima. Kunguru wa Bara Hindi, walioletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili wale taka za mji, waligeuka kuwa wezi wa vifaranga. Katika kitoweo walitafutwa njiwa, kanga, kororo na paa. Walakini bunduki haikuwa njia ya kwanza ya usasi. Wasasi wengi walitumia mbwa, nyavu na mitego, wakatoka kwa msako watu wengi pamoja. Mwenye bunduki alikuwa mmoja katika kundi, naye alipangiwa mahali pake pa kusimama ili asiwapige wenziwe.

5. Kisu pamoja na bunduki

Mwalimu mgeni huweza kushangaa akiona ya kuwa msasi wa Unguja, mara aliposikia kishindo, hukimbia mbio kwenda kwa mnyama, kisu mkononi, kana kwamba bunduki haikutosha. Sababu yake ni ya sheria ya Kiislamu, na watu wengi wa kisiwa hiki ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi. Mnyama hana budi kuchinjwa angali hai, kwa kutaja jina la Mungu. Vitabu vya madhehebu hayo vyafundisha ya kuwa mnyama aliyeuawa kwa kitu kizito kisichokata ni haramu, na mfano mmojawapo uliotajwa ni ule ule wa bunduqa, yaani kile kidonge cha udongo tulichokitaja hapo juu.

Mafundisho hayo yaliandikwa kabla bunduki za baruti hazijaenea, na wanazuoni wa baadaye walihitilafiana: je, risasi ipenyayo mwili ihesabiwe pamoja na kidonge kivunjacho, au pamoja na mshale utoboao? Wengi wa siku hizi wameihesabu pamoja na mshale. Lakini mtu wa shamba hakungoja hitilafu ziishe; alichukua kisu. Kwa desturi hii alipata pia faida nyingine, kwa maana aliyezoea kumfuata mnyama papo hapo hamwachi aliyejeruhiwa afe kwa uchungu kichakani. Nguruwe haliwi na Mwislamu. Kwa hiyo kumpiga kulikuwa kazi ya ulinzi peke yake.

6. Gharama ya kumiliki

Sasa twarudi kwa mkulima na akiba yake. Kwanza, hapana mtu aruhusiwaye kuweka bunduki pasipo kibali cha serikali, na kibali hicho kina masharti. Jibu la kwanza la mwalimu na liwe hili: "Nenda kituo cha polisi ukaulize kabla ya kulipa hata senti." Bunduki iliyonunuliwa kwa siri, hata kama ni gobori la marehemu babu, ni hatari kwa aliyenayo na kwa nyumba yake.

Pili, hewa ya bahari hula chuma. Baruti nyeusi ya zamani huacha masizi yenye chumvi yanayovuta unyevu; mtutu usiposafishwa siku ile ile huanza kutu usiku ule ule. Dawa yake ni maji ya moto, kitambaa kikavu, kisha mafuta membamba, mfano wa yale ya cherehani. Mafuta ya nazi hufaa kwa siku chache, lakini yakichacha hudhuru chuma.

Tatu, bunduki kuukuu yaweza kumwua mwenyewe. Mitutu mingi ya zamani ilisokotwa kwa vipande vya chuma, nayo ilipimwa kwa baruti nyeusi tu. Ganda jipya lina baruti isiyo na moshi, yenye msukumo mwingine kabisa. Huko Uingereza kila mtutu hupimwa kwa sheria na kupigwa chapa. Nyumba ya kupimia ya Birmingham iliwekwa mwaka 1813. Basi anayeitazama bunduki ya bei ndogo aitazame chapa yake kwanza, kabla ya kutazama uzuri wa kitako. Aupekue pia mtutu: nyigu hupenda kujenga humo kwa udongo, na mtutu ulioziba hupasuka. Wala asichanganye maganda ya namba 20 na ya namba 12 katika mfuko mmoja. Ganda la 20 hutelezea ndani ya mtutu wa 12 na kukwama mbele, na mtu akidhani hamna kitu akatia la 12 nyuma yake, atapoteza mkono au macho.

Nne ni watoto na majirani. Bunduki na ikae tupu, imefungiwa, na maganda yake yawekwe mahali pengine. Njiani ichukuliwe imekunjwa, ili kila mtu aone kwa macho yake ya kuwa haina kitu. Katika kuruka ua au kupanda jiwe itolewe ganda kwanza. Mambo haya ni mepesi kusemwa, na majuto ni mjukuu.

7. Adabu ya risasi moja

Mwenye risasi nyingi hujaribu. Mwenye moja hutazama. Kisiwa hiki kimekwisha kuona hasara ya kutotazama. Chui wa Unguja alichukiwa tangu zamani, kwa kuwa watu waliamini ya kuwa wachawi humfuga na kumtuma. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 kulifanywa kampeni kubwa ya kuwaua, iliyoongozwa na mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi. Na tangu miaka ya 1990 wataalamu wengi wamemhesabu chui huyo kuwa ametoweka, au yu karibu kutoweka. Paa nunga, ambaye nje ya kisiwa hiki aonekana katika misitu michache tu ya pwani ya Kenya, amepungua sana kwa usasi na kukatwa kwa misitu.

Mfano wa tatu ni kima punju, ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa katika visiwa vyetu. Punju ni sumu, naye aliitwa hivyo kwa kuwa watu walisema miti anayoila hufa. Wakulima wa karibu na Jozani walimlaumu kwa kula nazi changa. Wataalamu wawili, Siex na Struhsaker, walihesabu nazi katika mashamba hayo, na mwaka 1999 wakatangaza ya kuwa minazi iliyoliwa na kima haikupunguza mavuno. Hata ilionekana kana kwamba kupunguzwa kwa nazi changa kulizisaidia zilizosalia. Mtu aliyempiga kima yule alitumia ganda lake, akavunja sheria, na huenda hakuokoa hata nazi moja.

Basi mkulima akimwuliza mwalimu, na amjibu kwa maswali: Mharibifu ni nani, umemwona kwa macho yako? Sheria yamruhusu kupigwa? Ua, mbwa au mtego hautoshi? Nyumba ya jirani iko upande gani? Nani atashika ufunguo wa sanduku usiku? Akiweza kuyajibu yote, na kibali akakipata, bunduki ya mtutu mmoja itamtumikia yeye, na ikitunzwa itamtumikia mwanawe. Asipoweza, akiba yake na ainunulie waya wa ua, kwa maana waya ukikosea hakuna azikwaye.